Tumefika wapi? Dar hadi Tabora kwa dakika tisini, na kwa siku 134

Kwenye ndege ya pangaboi kwenda Tabora nilikaa na bibi mmoja aliyekuwa anapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake. Shikamoo, marahaba, tukafahamiana, akanipa na karanga. Tulipokuwa angani kama nusu saa hivi, alichungulia dirishani akaniuliza:

"Mjukuu wangu, hapa tumefika wapi?"

Nikachungulia na mimi. Chini kulikuwa na ardhi ya kahawia, vichaka, na mto mkavu mmoja uliojikunja kama mkanda uliotupwa. Hakuna kibao, hakuna stendi.

"Sijui, bibi."

Akanitazama vizuri. "Si umeniambia wewe ni mwandishi wa habari?"

Nilicheka, lakini lile swali limenikaa kichwani. Bibi yule akipanda treni angejua, maana kila stesheni ina jina na ina kitu chake kinachouzwa dirishani. Na watu waliokuwa wanapita njia hii kwa miguu miaka 150 iliyopita wangelijibu bila kufikiri. Mimi mwenye simu na shahada nilishindwa.

Haya, tuanze na hesabu, kwa sababu zenyewe ni rahisi. Kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam hadi ule wa Tabora, ukipima kwa mstari ulionyooka, ni kilomita kama 733. Ukiendelea hadi Kigoma inakuwa kama 1,080 kutoka Dar. Ndege ya aina ya Q400 hutumia muda wa saa moja na nusu hivi kufika Tabora, ukijumlisha kupaa na kutua. Unakunywa juisi, unasoma gazeti la jana, umefika.

Sasa tuichukue njia hiyo hiyo mwaka 1857. Kwanza, Dar es Salaam yenyewe haikuwepo. Palikuwa na kijiji cha Mzizima, na Sultani Majid wa Zanzibar alikuja kuanzisha mji pale baadaye, katika miaka ya 1860. Mlango wa kuingilia bara ulikuwa Bagamoyo na jirani yake Kaole. Kutoka Kaole, tarehe 27 Juni 1857, Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walianza safari ya kutafuta maziwa makuu. Waliingia Kaze, ndiyo sehemu ya Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Burton alihesabu: siku 134.

Siku 134! Ndiyo saa 3,216. Ndege yetu, kama ingekuwa haihitaji mafuta wala rubani kulala, ingekwenda mara zaidi ya elfu mbili wakati Burton anakwenda mara moja.

Lakini ngoja kwanza usicheke. Burton mwenyewe alikadiria kwamba alitembea zaidi ya maili 600. Tuchukue makadirio ya chini tu, kilomita 850 hivi. Gawanya kwa siku 134, unapata kilomita sita na kidogo kwa siku. Kilomita sita! Hiyo ni kama kutoka Posta hadi Magomeni. Mtu mzima anaimaliza kwa saa moja na nusu bila kutoka jasho jingi. Kwa hiyo swali la maana si kwa nini walitembea polepole. Swali ni: hizo siku nyingine zote zilikwenda wapi?

Siku zilikwenda wapi

Zilikwenda kwenye kusubiri. Ukisoma maandishi ya wasafiri wa zama zile unaona kwamba kutembea kulikuwa sehemu ndogo ya safari. Walisubiri wapagazi wapatikane. Walisubiri homa ishuke. Walisubiri mto upungue, hasa ule mbuga wa Mkata ambao masika huugeuza ziwa la matope. Walisubiri chakula kinunuliwe kabla ya kuingia pori lisilo na chakula.

Na walisubiri hongo. Neno hili lina historia yake. Leo hongo ni kitu cha gizani, kitu cha TAKUKURU. Zama za misafara hongo ilikuwa ushuru wa wazi kabisa. Ukifika Ugogo, mtemi wa pale anadai nguo kiasi fulani, mnajadiliana siku moja, mbili, wakati mwingine zaidi, unalipa, unapita. Wazungu waliandika malalamiko kurasa nzima kuhusu "unyang'anyi" wa Wagogo. Lakini hebu fikiri: Ugogo ni nchi kavu. Visima ni vya wenyeji, walivichimba wao. Ukija na watu mia tano na punda wako mkanywa kisima chote, mkala na mtama wao, halafu mtemi asidai chochote? Hata leo ukipita daraja la Kigamboni unalipa.

Na zilikwenda kwenye jiografia yenyewe. Baada ya Mpwapwa kuna eneo kame lililoitwa Marenga Mkali, maana yake maji machungu. Baada ya Ugogo kuna pori refu lililoitwa Mgunda Mkali, yaani shamba kali. Majina haya yalikuwa tahadhari. Aliyeyaweka alikuwa anamwambia anayekuja nyuma: hapa jaza vibuyu, hapa pumzika kwanza, hapa usipite peke yako. Palipokuwa na mwendo mrefu bila maji, msafara uliondoka mchana, ukatembea hadi usiku, ukalala bila maji, asubuhi ukaendelea hadi kisima. Baada ya Mgunda Mkali unafika Tura, kijiji cha kwanza cha Unyamwezi, na hapo mtu wa Tabora anajua amefika kwao.

Bagamoyo, mto Kingani, Mkata, milima ya Usagara, Mpwapwa, Marenga Mkali, Ugogo, Mgunda Mkali, Tura, Unyanyembe. Hilo ndilo jibu ambalo bibi alilitaka.

Njia moja, miendo mingi

Urefu wa safari hii ulikuwa unabadilika ingawa ardhi haikusogea hata hatua moja. Angalia.

Burton na Speke, 1857: siku 134. Speke alirudi tena na James Grant mwishoni mwa 1860, wakatumia karibu miezi minne. Henry Morton Stanley, yule mwandishi wa habari wa Marekani aliyetumwa kumtafuta Livingstone, aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871 akafika Unyanyembe tarehe 23 Juni. Hizo ni siku 94. Wazungu wenzake wawili, Farquhar na Shaw, hawakurudi kwao: mmoja alifia Mpwapwa, mwingine Unyanyembe. Halafu mwaka uliofuata Stanley huyo huyo akarudi pwani: ametoka tarehe 14 Machi, ameingia Bagamoyo tarehe 6 Mei. Siku 53 tu, tena kukiwa na mvua.

Njia ni ile ile. Kilichobadilika ni mizigo, haraka, na hali ya dunia. Msafara unaokwenda bara umebeba nguo na shanga za kulipia kila kitu, unasimama kila mahali. Msafara unaorudi ni mwepesi na kila mtu ana hamu ya kufika.

Na vita je? Stanley alipofika Unyanyembe mwaka 1871 alikuta Mtemi Mirambo wa Urambo ameifunga njia ya kwenda Ujiji. Waarabu wa Tabora walikuwa wamezoea kupita watakavyo, Mirambo akasema hapana, hapa kuna mwenyewe. Waarabu wakampiga vita, Stanley naye akajitia humo, wakashindwa vibaya, na rugaruga wa Mirambo wakaingia mpaka Tabora yenyewe. Stanley akalazimika kuzunguka kusini. Aliondoka tarehe 20 Septemba, na kwa kalenda yake alifika Ujiji tarehe 10 Novemba. Siku 51 kwa mahali ambapo kwa ndege ni kilomita kama 350. Mirambo hakusogeza Ujiji. Alifanya iwe mbali tu.

Katika kambi ya Unyanyembe Stanley alikuta pia mfuko wa barua za Livingstone, umeandikwa kwamba umetoka Zanzibar tarehe 1 Novemba 1870. Mfuko ulikuwa umekaa tu pale. Livingstone aliupata mkononi Ujiji baada ya mwaka mzima. Sisi tunaolalamika kwamba ujumbe umechukua sekunde kumi kufika, tuone haya kidogo.

Waliobeba

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii.

Hesabu zote nilizotaja hapo juu zina majina ya Wazungu. Burton siku 134. Stanley siku 94. Ukisoma haraka unaweza kudhani kwamba ni hao waliopima njia. Lakini Burton alikuta njia ipo, ina vituo, ina bei, ina majina. Kutoka Kaze kwenda Ujiji alibebwa kwenye machela, miguu haifanyi kazi, na Speke alikuwa macho hayaoni vizuri. Walikuwa abiria, kama mimi na bibi. Njia ilikuwa ya Wanyamwezi.

Tukiwa shule, wengi wetu tulichorewa picha moja tu ya misafara: mstari wa watu wenye minyororo shingoni na pembe za ndovu kichwani, Mwarabu pembeni na kiboko. Picha hiyo si ya uongo. Watumwa walipita njia hii, wengi, na nitarudi kwao. Ila picha hiyo imefunika nyingine.

Wapagazi wengi wa njia ya kati walikuwa watu huru waliofanya kazi ya mshahara, na kundi kubwa kati yao walikuwa Wanyamwezi. Kwao ilikuwa fani. Walipatana ujira kabla ya kuondoka, wakalipwa kwa nguo, baadaye kwa fedha pia. Walipewa posho ya chakula njiani. Ndiyo, posho! Neno ambalo sisi waandishi wa habari na waheshimiwa wa semina tunalijua sana lilikuwa neno la njia hii: kipimo cha chakula cha siku, au nguo ya kununulia. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili. Frasila moja ni kilo 16 hivi, kwa hiyo mtu mmoja alibeba kilo 32, mbali na mkeka wake, sufuria yake na silaha yake. Mashirika mengi ya ndege yanakuruhusu kilo 23 na hubebi wewe.

Kwa nini watu, si wanyama? Kwa sababu ya mbung'o. Sehemu kubwa ya njia ilikuwa na mbung'o walioua ng'ombe, farasi na punda. Hakuna mkokoteni uliofika mbali. Kwa hiyo uchumi wote wa Zanzibar, pembe zilizokwenda kuwa vitufe vya piano Ulaya na Marekani, na nguo za merikani zilizokuja kutoka huko, ulikaa juu ya mabega ya binadamu. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika miaka ya 1890 watu kama laki moja walipita njia hii kila mwaka.

Mwanahistoria Stephen Rockel aliandika kitabu kizima kuhusu wapagazi hawa mwaka 2006, na anawaita kwa jina wanalostahili: wafanyakazi. Walikuwa na sheria zao. Mbele alitangulia kiongozi wa msafara, mtu wa kuheshimiwa, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Wakionewa, mzigo haukunyanyuliwa asubuhi. Wakionewa sana, walitoroka usiku, na tajiri akaamka ana mizigo mia na mabega sitini. Wazungu waliita uvivu na usaliti. Leo tungeita mgomo. Kambini walikuwepo pia wanawake, wake za wapagazi, waliopika na wengine waliobeba mizigo.

Na utani je? Wengi tunaujua utani wa Wanyamwezi na Wazaramo kama vichekesho vya msibani. Wazee wanasema chanzo chake ni njia hii hii. Mtu wa bara akifika pwani mgonjwa, hana ndugu, ana nani? Ana mtani. Anayekutukana asubuhi ndiye atakayekuzika ukifa. Bima ya afya ya karne ya 19!

Wanyamwezi walikwenda mbali kuliko Tabora–Bagamoyo. Msiri, mtoto wa Usumbwa, alifuata biashara ya shaba mpaka Katanga, akaweka himaya yake huko, akatawala hadi alipouawa na watu wa Mfalme Leopold mwaka 1891. Kizazi cha wale aliokwenda nao, Wayeke, wako Kongo hadi leo.

Kwa hiyo Tabora haikuwa "bara kabisa" kama tunavyosema Dar tukikunja uso. Tabora ilikuwa njia panda. Magharibi unakwenda Ujiji na Manyema, kaskazini Karagwe na Buganda, kusini Ufipa na nchi za shaba. Burton alipofika alipokewa na Mwarabu wa Oman, Snay bin Amir, na mji ulikuwa pia makao ya mfanyabiashara wa Kihindi, Musa Mzuri. Tippu Tip, mwenye asili ya Zanzibar, baba yake aliishi Tabora na alioa binti wa Mtemi Fundikira.

Mji mmoja, maana mbili

Turudi kwenye minyororo, maana sitaki nikusafishie historia.

Jina la Bagamoyo linatokana na "bwaga moyo". Ukienda pale kama mtalii utaambiwa ni kilio cha mtumwa: nauacha moyo wangu hapa, sitaona kwetu tena. Lakini kuna maelezo mengine: ni pumzi ya mpagazi aliyefika baada ya miezi mitatu ya njia. Tua mzigo, tua moyo, umefika, kuna bahari, kuna chakula, kuna malipo.

Maneno ni yale yale, ila aliyeyasema katika kila simulizi ni mtu tofauti. Nadhani wote wawili walipita pale, pengine wiki moja. Na hapo ndipo umbali unapoacha kuwa suala la kilomita. Kwa mpagazi, Tabora hadi Bagamoyo ilikuwa kwenda na kurudi. Alihesabu siku ili awahi kulima mvua zikianza. Kwa mtu aliyekamatwa Manyema ilikuwa kwenda tu. Hakuna hesabu ya siku 134 itakayompimia huyo umbali wake.

Wala tusimfanye mpagazi malaika. Vijana wa Unyamwezi walipokwenda pwani kwa miezi, nani alilima? Mara nyingi wanawake, na mara nyingi watumwa walionunuliwa kwa faida ya safari zilizopita. Uhuru wa mmoja ulikaa juu ya mgongo wa mwingine. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini Tanganyika bara utumwa ulikuja kufutwa kisheria mwaka 1922 tu, chini ya Waingereza.

Mtu mmoja aliyaishi yote mawili. Sidi Mubarak Bombay, Myao, alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India, akapata uhuru wake, akarudi Zanzibar. Halafu akaingia kwenye misafara. Alikwenda na Burton na Speke mwaka 1857, akarudi nao 1859. Akaenda na Speke na Grant 1860. Akaenda na Stanley 1871, akarudi naye 1872. Akaenda na Cameron 1873, na safari hiyo ikaishia upande wa pili wa Afrika, bahari ya Atlantiki. Nimehesabu: kati ya pwani na Tabora peke yake, Bombay alipita njia hii walau mara sita kwa miguu. Kwa ndege ni muda wa saa tisa. Chama cha Jiografia cha Kifalme cha London kilimpa pensheni. Sisi hatujampa hata uchochoro.

Na wapo Chuma, Susi na wenzao. Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, tangu Februari hadi Agosti 1872. Alikuwa anasubiri wapagazi ambao Stanley alikwenda kumtafutia pwani: Stanley aende, awapate, wao waje. Alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, watu wake waliukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba. Walifika Unyanyembe mwezi Oktoba. Cameron aliyekuwa pale akawashauri wauzike hapo hapo. Wakakataa. Mbele kidogo wenyeji hawakutaka maiti ipite, basi wakajifanya wanairudisha Unyanyembe, na kumbe wameufunga upya kama robota la nguo. Wakafika Bagamoyo Februari 1874. Zaidi ya kilomita 1,500, miezi tisa. Livingstone alizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Waliombeba umbali wote ule, isipokuwa kijana mmoja, Jacob Wainwright, hawakuwepo mazishini.

Reli, halafu mabawa

Mwisho wa kazi hii ulikuja na chuma. Wajerumani walianza reli Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma mwanzoni mwa 1914. Dar hadi Tabora ni kama kilomita 840 za reli, karibu sawa na zile za miguu, kwa sababu reli ilifuata njia ya misafara sehemu kubwa. Na waliochimba tuta wengi walikuwa Wanyamwezi hao hao. Miezi ikawa siku.

Lakini reli haikupita kila mahali. Iliiacha Bagamoyo ikaanzia Dar, na Bagamoyo ikalala. Iliiacha Mpwapwa pembeni, stesheni ikawa Gulwe. Iliiacha Kilimatinde ikapita Manyoni. Iliiacha Ujiji ikaishia Kigoma. Tabora ilipona kwa sababu ilikuwa njiani, na mwaka 1928 tawi la Mwanza lilipokamilika ikawa tena njia panda kama zamani.

Kubeba nako hakukuisha mara moja. Vita Kuu ilipoanza 1914, Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji (walioiteka Tabora Septemba 1916) wote walihitaji mabega. Safari hii hapakuwa na kupatana ujira wala kugoma asubuhi. Watu walikamatwa vijijini, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa na kuhara. Kikosi cha Waingereza cha wabeba mizigo kiliitwa Carrier Corps. Kambi yao Dar es Salaam ndiyo iliyotupa jina la Kariakoo. Jumamosi ukisukumana pale ukitafuta viatu, umesimama kwenye kumbukumbu yao.

Leo kuna mabasi, kuna treni ile ya zamani, na tangu 2024 treni ya umeme inakwenda Dar hadi Dodoma. Mkataba wa kipande cha Makutupora–Tabora ulisainiwa Desemba 2021. Siku moja Tabora itakuwa karibu zaidi, na sitalia kwa ajili ya zamani. Hakuna anayetamani kubeba kilo 32 kupita Mgunda Mkali.

Kinachonisumbua ni kumbukumbu. Mwaka 2006 Tanzania iliipeleka njia hii kwenye orodha ya awali ya UNESCO. Jina lililopewa ni njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe. Watumwa wametajwa, na ni haki yao. Pembe zimetajwa. Wapagazi hawamo kwenye jina. Tuna sanamu na kibao cha Livingstone na Stanley Ujiji, tuna tembe la Livingstone Kwihara. Niambie wewe msomaji, umewahi kuona wapi sanamu ya mpagazi?

Nilirudi Dar baada ya siku nne. Safari hii nilikuwa na ramani ya zamani niliyoinakili kwenye daftari, na nilikaa na kijana mmoja aliyekuwa amefunika macho tangu tunapaa. Kama dakika ishirini hivi akaamka, akapiga miayo, akauliza, "Bado sana, bro?"

Nikachungulia. Pori, pori tupu, halina nyumba.

"Nadhani tuko juu ya Mgunda Mkali," nikamwambia.

"Ndo wapi huko?"

Tulikuwa na zaidi ya saa nzima mbele yetu. Nikafunga daftari nikaanza kumweleza.